Uyoga Tulioukata Juu ya Udongo

Nyarugusu, Kasulu
Mwanzo wa mvua

Shemeji yangu Asende,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaolala chini ya paa lako. Kifua chako kinaendeleaje? Na mihogo ya bondeni, mliwahi kuing'oa kabla wenye bunduki hawajaing'oa? Mimi ni mzima kwa kiasi chake. Macho bado yanasoma mchana, nikikaa mlangoni penye mwanga. Goti la kushoto ndilo linalonipa habari za umri wangu.

Barua hii anakuletea mama muuza vitenge wa mtaa wetu, ambaye amechoka na kambi hii ya wakimbizi na anarudi ng'ambo ya ziwa kwa watoto wake. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, kisha uamue nani mwingine aisikie.

Kwenye simu nilikuambia kwamba dada yako alikufa kwa malaria. Si kweli. Wabiwa aliuawa na uyoga, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ule uyoga ni mzuri.

Unajua desturi yetu. Mume hufika mwenyewe kwa ndugu wa mkewe, hukaa chini, hueleza kifo kilivyokuja, ndipo huambiwa ainuke ale au aende zake. Mimi nilijificha nyuma ya simu ya dakika mbili. Sasa nataka kurudi nyumbani, maana huku sina tena wa kuzeeka naye, ila sitaki kuingia uani kwenu na uongo. Kwa hiyo nakaa chini hapa, kwenye karatasi. Wewe ndiye utakayeniambia kama nije.

Huku tumezungukwa na msitu wa miyombo. Si kama msitu wetu wa milimani, mzito, wenye ukungu. Huu ni mwepesi, jua linafika chini, na mwisho wa kiangazi majani machanga hutoka mekundu kabla hayajawa kijani, hata mgeni hudhani miti inaungua. Watu wa kambi huujua kwa kuni. Waha wa vijiji vya jirani huujua zaidi: wana mizinga yao juu ya miti, wana mizizi ya dawa, wana mabungo, na mvua zikianza wana uyoga wa kila rangi.

Mimi na Wabiwa tuliujua kwa kutembea. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda mpaka kwenye kijito, mahali ambapo walinzi hawakusumbui kama huna panga wala mzigo. Tulikaa juu ya jiwe, tukavua viatu. Mara nyingine nilimsomea kitabu, mara nyingine tulinyamaza tu. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alitucheka kila tulipopita.

"Mwalimu, umekwenda mikono mitupu, umerudi mikono mitupu. Ulikwenda kuisalimia miti?"

"Ndiyo," dada yako alimjibu siku moja. "Na haikutuomba kitambulisho."

Mwaka mmoja alikuja binti wa utafiti na orodha ya maswali: tunapata nini msituni? Kuni, asali, dawa, matunda? Alikuwa akiweka alama haraka haraka. Swali la mwisho lilikuwa kama tunautumia msitu kwa mapumziko. Nadhani aliona haya kutuuliza swali hilo, akataka kuliruka. Wabiwa akamshika mkono. "Usiliruke hilo. Hilo ndilo letu."

Nakueleza haya ili ujue kwamba dada yako hakufa akihangaika na njaa porini. Mgao ulikuwa umepunguzwa, ni kweli, na tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Lakini siku ile tulikwenda kutembea.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Karibu na jiwe letu, chini ya mti mmoja, ulikuwa umeota uyoga mweupe wenye kichwa kipana, laini, unaong'aa kidogo kama ganda la yai. Sisi sote wawili tulisimama. Asende, ulikuwa ni ule wetu, ule ambao shangazi yenu alikuwa akiupika na mawese siku za kuvuna mpunga. Ndivyo nilivyoona. Wabiwa aliinama akautazama muda mrefu.

"Huku sijawahi kuuona," akasema. "Tumuulize kwanza Mama Bukuru."

Mama Bukuru ni mama wa Kiha anayeuza uyoga kando ya barabara ya kambi. Wabiwa alikuwa rafiki yake, walielewana kwa Kiswahili cha huyu na cha yule, na alizoea kununua kwake. Kumuuliza kungetugharimu siku moja tu ya kungoja. Nami nilikataa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si njaa. Shemeji, nimeishi ugenini zaidi ya nusu ya maisha yangu, na muda wote huo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nauliza kama naweza kutoka. Nauliza kama jina langu lipo. Nauliza kama sabuni itakuja, kama naruhusiwa kuongeza chumba, kama naweza kupanda mgomba nyuma ya nyumba. Mbele ya ule uyoga nilijisikia kwa mara ya kwanza kwamba najua kitu bila kumuuliza mtu yeyote. Nikamwambia, "Mimi nimezaliwa nikiuona huu. Hata uyoga nao tuuombee kibali?"

Akacheka. "Basi, kama Mwalimu amesema."

Tukaukata kama tulivyofundishwa utotoni, kwa ukucha, juu ya udongo, ili mzizi ubaki na mwakani uote tena. Nilijaza kofia yangu.

Nawe wakumbuka kwamba mimi sikuwahi kuupenda uyoga. Nilionja vipande viwili kwa heshima ya mpishi. Yeye alikula sahani yake, na akamaliza yangu. Alisema ladha imepungukiwa kitu, akadhani ni kwa sababu mawese hayakuwepo.

Kesho yake asubuhi tumbo lilimshika, kutapika na kuharisha bila kupumzika. Mimi pia niliumwa, kidogo. Zahanati wakampa maji ya chumvi na sukari na wakamlaza. Walipouliza tulikula nini, nilisema ugali na mboga. Niliona aibu, Asende. Mwalimu mzima. Daktari, nilipomweleza ukweli baadaye, aliniambia kwamba hata ningesema mapema huenda wasingeweza kitu. Sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa aliniona uso. Nakuachia wewe ulipime.

Siku ya tatu akapata nafuu. Akanywa uji, akataka kuoga, wakaturuhusu kurudi nyumbani. Jioni jua halijashuka akaniomba nimpeleke msituni. Goti langu na miguu yake, tulifika mwanzo wa miti tu, kwenye jiwe hatukufika. Tukakaa kwenye majani. Alisema, "Tazama, yamekuwa kijani tayari." Nilishukuru moyoni, nikadhani nimesamehewa kimyakimya bila kukiri chochote. Ile ndiyo ilikuwa siku yetu nzuri ya mwisho, na ilikuwa ya uongo. Usiku macho yake yaligeuka manjano. Siku mbili baadaye hakunijua, na ya tatu tukamzika.

Mama Bukuru alikuja msibani na kikapu chake. Alinisikiliza kuliko wote. Nilipomweleza, hakunilaumu. Aliniuliza ni mti gani. Kesho yake tukaenda pamoja, na chini ya ule mti vile vipande tulivyoviacha ardhini vilikuwa bado vipo, vimeanza kuoza. Akachimba kimoja kwa kidole, taratibu, akakiweka kiganjani mwangu. Chini kilikuwa kimevimba, kimevikwa kitu kama mfuko uliochanika.

"Sisi tunaung'oa wote, Mzee, mpaka chini," akasema. "Juu unafanana na mwingine. Huku chini ndiko unapojulikana."

"Kwetu tunaacha mzizi ardhini," nikamwambia.

"Kwenu labda hakuna huu."

Alinisaidia kurudi, akaniachia asali kwenye chupa, ambayo nimeshindwa kuifungua.

Jumapili bado nakwenda mpaka mwanzo wa miti. Fundi wa baiskeli hanitanii tena, jambo linaloniumiza. Kaburi liko upande wa mashariki wa makaburi ya kambi, mstari wa karibu na njia, nimeweka mawe ya mtoni pembe zote. Mama Bukuru ameahidi kulipalilia nikiondoka.

Nisalimie mkeo, ambaye najua atakuona usoni kabla hujamwambia neno. Nisalimie mdogo wako aliyebaki na ng'ombe. Na mfikishie shangazi yenu, aliyetusindikiza mpaka mtoni siku ile tulipokimbia, heshima zangu zote, na umwombe anijibu jambo moja. Ule uyoga wetu mweupe wa siku za mpunga, ukiung'oa mpaka chini, ukoje? Nimeula utotoni, nimeuringia uzeeni, na sikuwahi kuutazama chini ya udongo hata mara moja.

Safari hii nauliza. Na lile la kwanza pia nauliza: nije, au nisije? Lolote mtakaloamua, nitalipokea nikiwa nimekaa chini.

Ni mimi shemeji yako, mume wa Wabiwa,
Mwalimu Ebuela