Dadu Kwenye Kifuniko cha Sufuria

Baba Mumo,

Githeri iko kwa friji, ipashe moto vizuri. Fundi wa sinki anakuja saa nne. Mumo anatoka shule saa tisa, umwambie nimeenda kwa dada yangu Kasyoka, Mutuini. ~~Narudi jioni.~~ Nitarudi nikitulia.

Ni wewe ulifuta Windows kwa kompyuta yangu ukaweka Linux, ati hatutakuwa watumwa wa kampuni. Nikakubali. Lakini programu ya mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa ramani na dadu wa mtandaoni, ni ya Windows pekee, basi nikahangaika na Wine, ile ya kuidanganya programu kwamba iko nyumbani kwake Windows, mpaka ramani ikafunguka. Dadu zikakataa kabisa. Kila Jumamosi narusha dadu za mkono kwa kifuniko cha sufuria, nawasomea wenzetu namba kwa simu, na wewe umekaa hapo ukiniambia, "Vumilia, mama, huo ndio uhuru."

Leo asubuhi nilitaka kupiga pasi joho lako la kwaya. Nikalipata juu ya kabati, limefungiwa laptop ndani. Nikaiwasha. Windows! Mchezo wetu uleule, unaucheza na watu wa ofisi yako, dadu zinabingirika bila kukwama. Yaani umenitia kinyaa, Nzau. Hata hilo joho sitaki kuligusa.

Laptop nimeenda nayo. Jumamosi tunachezea kwa Kasyoka. Ukitaka kujiunga, tumia huo uhuru wako wa Linux.

Kifuniko nimekuachia hapo kwa rafu. Nimekiosha.

Mama Mumo