Koti la Ushkyr

Kegen, 2 Desemba

Mwanangu Karlygash,

Salaam aleikum. Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mzima, ila nina hasira.

Koti ulilompa dereva wa basi limefika. Shingoni linapwaya, kifuani zipu haifungi hata nikivuta kwa meno. Ushkyr si kijibwa cha kupakatwa, ni tazi, mbwa wa kuwinda: kifua kimeshuka hadi viwikoni, kiuno hakuna, manyoya mafupi. Kwangu analala ndani. Nikisafiri atabaki kwa jirani Zhumakan, naye hataki mbwa ndani, atamweka zizini na kondoo, na bila koti baridi itamuua. Kwa hiyo asipopata koti, siji kwenye arobaini ya mtoto. Usinibembeleze.

Baba yako

Almaty, 8 Desemba

Baba mpendwa,

Aleikum salaam. Afya yako vipi, na mgongo? Mtoto analia usiku kucha, nami nalia naye.

Muuzaji aliniuliza urefu wa mgongo tu. Nikimtajia kifua, ananionyesha koti la mbwa mnene! Nipe vipimo, nitampa fundi. Tafadhali njoo. Ndugu za mume wangu watajaa nyumba nzima, na upande wetu niko peke yangu. Mama angekuwa hai nisingekusumbua.

Binti yako

Kegen, 13 Desemba

Mwanangu,

Salaam. Mgongo unauma, nimeuzoea. Kuzunguka kifua: shibiri tatu na vidole vinne. Kiuno: shibiri mbili. Sasa hata kipofu hawezi kukosea.

Baba yako

Kegen, 26 Desemba

Karlygash,

Salaam. Mtoto hajambo?

Umepima kwa mkono wa nani? Koti limeishia mbavuni! Ushkyr amelivaa akasimama tu, ananitazama kama mtu aliyetukanwa.

Baba yako

Almaty, 29 Desemba

Baba,

Salaam. Sisi wazima.

Nimepima kwa mkono wangu, ningepima kwa wa nani? Watu wote duniani wana futi kamba, wewe unanitumia shibiri! Fundi hataki hata kuniona. Arobaini ni Ijumaa ya wiki ijayo. Baba, nimechoka. Kila mwaka kuna mbwa, kuna farasi, kuna theluji. Mimi je?

Binti yako

Kegen, 2 Januari

Mwanangu,

Salaam. Usisumbuke tena. Nimeshona mwenyewe, kutoka lile joho la mama yako la sufu ya ngamia. Limemkaa vizuri, kifua chote kimefunikwa.

Baba yako

Almaty, 4 Januari

Joho la Mama? Nilipoolewa nililiomba, ukasema halitoki sandukuni. Nilipojifungua niliomba nijifunike tu, ukakataa. Leo amelivaa mbwa.

Sina salamu.

Karlygash

Kegen, 5 Januari

Mwanangu,

Salaam aleikum, hata kama huzitaki. Mjukuu wangu hajambo?

Ulipoliomba sikuweza kufungua lile sanduku. Kila mara nilijiambia nitaweza kesho. Wiki iliyopita Ushkyr alikuwa anatetemeka usingizini, nikalifungua bila kufikiri. Harufu ya mama yako ilikuwa imekwisha. Nikakaa sakafuni nikalia, kisha nikachukua mkasi. Ilinipasa kukupa wewe kwanza, najua. Nisamehe.

Mikono yote miwili ya joho imebaki, na kola. Nakuletea.

Ushkyr yuko kwa Zhumakan kwa majaribio, hatetemeki. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi. Njoo stendi, utanifokea huko huko.

Baba yako