Babu Sawaeng na Waya Mmoja Uliobaki

Jumatano, 4 Juni

Makala ya Babu imetoka! Kichwa chake: "Nyaya Zimekwisha." Babu ndiye aliyeunganisha kompyuta za kwanza za chuo hapa Trang, kwa waya mmoja mnene. Ukikatika popote, zote zinanyamaza. Sasa anaandika habari za teknolojia gazetini, na mimi ndiye humsomea rasimu kwa sauti. Waya ule? Shangazi Ratri anaanikia nguo. Amecheka sana leo: "Kama zimekwisha, Baba, sarong zako nizianike hewani?"

Ijumaa, 6 Juni

Mhariri amepiga simu. Anasema wasomaji wanasinzia. Kesho anakuja shuleni kwetu kuona chumba kipya cha kompyuta. Babu amekitengenezea mtandao usio na waya. Ukifanya kazi, Babu anabaki. Usipofanya, ukurasa wake anapewa mama anayegeuza ndoto za watu kuwa namba za bahati nasibu! Babu hakugusa wali. Nimemwambia utafanya kazi. Nadhani.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nyuma ya mitungi ya maji, karibu na mlango. Watawa wa Kibudha wanakibariki chumba. Uzi mweupe umewazunguka wao na kompyuta zote, umebakiza mlangoni tu, umepita mikononi mwao. Haukatwi wala hauvukwi mpaka sala iishe. Babu mwenyewe ameuzungusha — fundi wa nyaya!

Na mtandao umekufa.

Shangazi alichomoa plagi ya kisanduku cha mtandao ili achemshe chai ya watawa, akaisukuma nyuma ya mkeka wa mtawa mkuu, isionekane. Soketi iko mlangoni, kwa Babu. Plagi iko ndani ya uzi. Mimi ni msichana, kwa desturi yetu siwezi kumgusa mtawa hata vazi. Babu amejaribu kutambaa chini ya uzi. Magoti yamegoma.

Mhariri amemnong'oneza: "Mzee, umeshinda nyaya, umeshindwa na uzi?"

"Nyamaza, watu wanasali."

Basi la mhariri la kwenda Bangkok linaondoka saa sita!

Mtawa mkuu amefungua jicho moja. Hajaacha sala. Amechukua pepeo lake lenye mpini mrefu, anaisukuma plagi kuelekea kwa Babu. Imekwama. Tena — Babu ameishika! Ameichomeka!

Zikiwaka taa tatu za kisanduku, mtandao umerudi. Ya kwanza, kijani. Ya pili inapepesa. Mhariri ameshavaa mkoba, lakini Shangazi amesimama mlangoni na sinia la wali: "Hutoki hapa bila kula, mwanangu."

Ya pili imewaka. Bado ya tatu. Mhariri anasema ataonja kijiko kimoja tu —