Kitako Nilichokuchongea

Rafiki yangu Arap Tonui,

Nimechoka leo, na ni kwa sababu nimechoka ndiyo nimeketi kukuandikia. Nikiwa na nguvu huwa najiambia mtu aliyekufa haandikiwi. Leo sina nguvu ya kubishana na moyo wangu.

Sikuja kukuzika, unajua. Homa ya mapafu ilikuchukua upesi, na ndugu zako wakakubeba kwenda Sigor kabla mvua haijakata barabara. Nilikwenda kuomba ruhusa nikaambiwa chai imejaa kiwandani na masanduku yanangojwa. Kwa hiyo siku uliyowekwa kaburini mimi nilikuwa nikipigilia misumari. Nilipigilia mpaka jioni, na sikumbuki hata sanduku moja.

Mambo yamebadilika huku. Ule mgongo wa kilima ulikokuwa ukikaa alfajiri kungojea nyati umepandwa chai mpaka ukingoni mwa msitu. Nyati bado wanashuka. Hawana habari kwamba umekufa. Bwana meneja uliyemzoea amerudi kwao, amekuja mwingine, kijana, mwenye haraka. Masanduku siku hizi yanaletwa yakiwa mbao nyembamba zilizokatwa tayari, na mimi ni kuunganisha tu. Randa yangu imeanza kushika kutu. Magoti yangu pia.

Lakini ninalotaka kukuambia hasa ni habari ya mwanao Kipngeno, na ile bunduki.

Kwanza niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana hakuna mtu mwingine huku ninayeweza kukumbuka naye. Siku ulipokuja karakana tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Wewe Mkipsigis, mwindaji wa shamba. Mimi Mjaluo wa ziwani, seremala wa kiwanda. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na kila mmoja alikiingia kwa mlango wake. Wewe ulisema "punduki", mimi nikasema "masine", na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Ulivua shati ukanionyesha bega. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umeunga vibaya, umeinuka kama fundo la kamba. Ulivunjika siku ulipofyatua bunduki ya nyati ukiwa umelala kifudifudi: mwili haukuwa na pa kurudi nyuma, na teke lote likaishia mfupani. Nilidhani umekuja kutafuta dawa. Ukageuka ukafunga mlango wa karakana, ukasema taratibu, "Fundi, mimi nafumba macho."

Sikukuelewa. Ndipo ukanieleza kwamba kabla hujavuta, macho yanajifumba yenyewe na bega linakimbia. "Hiyo punduki inanipiga hata kabla haijalia," ulisema. Wiki ile ulikuwa umempiga fahali wa nyati tumboni badala ya begani, akaingia kichakani na jeraha lake. Mlimfuata, wewe na yule msaidizi wako, mpaka akawatokea mbele. Ulimwangusha karibu kiasi kwamba damu yake ilikulowesha miguu, lakini msaidizi alikuwa amekwisha vunjwa mbavu. Watu wote walikusifu. Wewe peke yako ulijua kwa nini risasi ya kwanza ilipotea.

Ukasema watu wakijua, bunduki utanyang'anywa, na bunduki ikienda nyumba nayo inaenda, na huko Sigor ng'ombe wenu walikuwa wamemalizwa na ugonjwa. Ukavaa shati lako, ukangoja niseme neno.

Mimi sikuwa fundi wa bunduki. Nilikuwa nimechonga milango, mabenchi ya kanisa na majeneza. Lakini kitako cha bunduki ni mbao, na mbao naijua. Nilitoboa kile kitako cha zamani kwa ndani, nikatia springi mbili za kiti cha lori lililokufa. Nilijiona mwerevu sana. Tukaenda kujaribu kule bondeni. Springi zilimeza teke vizuri kabisa, halafu zikalitapika. Mbao ikakugonga mdomoni. Ulikaa kwenye nyasi na mdomo unavuja damu, ukacheka mpaka nami nikacheka. "Fundi," ukasema, "sasa inapiga mara mbili."

Niliziba lile tundu kwa mbao na gundi, nikaanza upya. Safari hii sikuitazama bunduki, nilikutazama wewe. Nikaona kile kitako kimepinda mno kwenda chini, kwa hiyo bunduki ikilia mdomo wake unaruka juu na mbao inakupanda shavuni. Nikaona pia kwamba mwisho wake ni mwembamba na mgumu, na teke lote linachoma mahali pamoja, palepale penye mfupa wako. Nikaagiza kipande cha mzeituni wa mwituni kutoka Londiani, mti mzito, maana kitu kizito hakisukumwi upesi. Nilikichonga kikanyooka, ili teke lirudi moja kwa moja na mwili mzima ulipokee. Mwisho wake nikaufanya mpana, ujae begani. Huko nyuma nikabandika mpira wa gurudumu la lori, tabaka juu ya tabaka, nikautoboa matundu ubavuni upate mahali pa kubonyea. Ngozi ya kufunika ulimpa mkeo aishone. Ulimwambia ni ya kuzuia unyevu.

Tukashuka tena bondeni. Ulilenga kisiki, ukafyatua, ukashusha bunduki. Kisha ukanigeukia. "Nimeona," ukasema. Nilifikiri unasifu kazi yangu. Kumbe ulikuwa unaniambia kwamba umekiona kisiki, macho yako yakiwa wazi, risasi ilipoingia.

Tangu siku ile ulipita karakana karibu kila jioni. Ulilalamika kwamba bunduki imekuwa nzito kupanda nayo kilima. Uliniletea mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, kwenye kibuyu, na mimi niliyatia sukari mpaka ukanyamaza kwa huzuni. Hayo ndiyo ninayoyakosa. Karakana ina watu wengi sasa, lakini hakuna anayeketi.

Sasa Kipngeno. Baada ya wewe kuondoka, bunduki ilikaa ofisini. Nyati wakashuka, wakamkanyaga mpaliliaji mmoja asubuhi yenye ukungu. Hakufa, lakini hatapalilia tena. Meneja akauliza nani anaweza kazi ya marehemu, na mwanao akainua mkono. Amekuwa mwanamume, Arap Tonui. Ameoa. Alikuwa katika kikosi cha kupogoa chai, na hakuna aliyemsukuma. Alisema kama hakuna mtu wa nyumba hii atakayeshika bunduki, mama yake atatolewa katika nyumba.

Alikuja kwangu na bunduki. Ulijua alivyorithi umbo la mama yake, mfupi, mikono mifupi. Kitako nilichokipimia mikono yako kilimkaa chini ya kwapa. Alikuwa amefyatua mara chache tu na mkono wake ulikuwa umevilia damu mpaka karibu na kiwiko. Akaniomba kwa heshima, "Mzee, nichongee changu."

Nikamwambia nitatafuta mbao. Kabla mbao haijafika, mkeo alikuja.

Hakukaa. Alisimama mlangoni na leso yake imelowa mvua. Alisema mambo mengi, kwamba nyumba ya shamba si kitu, kwamba yeye angerudi Sigor kesho yake na kulima wimbi, na kwamba hakumzaa Kipngeno kwa ajili ya nyati wa wazungu. Mwisho akaniambia, "Usimchongee. Iache impige. Ikimpiga sana ataiacha." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Miaka yote ya hapa nimekuwa nikisikiliza hiyo bunduki. Ikilia mara moja, napumua. Ikilia mara mbili, natoka kutazama njia kama wanambeba."

Nifanye nini, rafiki yangu? Niliwaza kukuuliza, na hukuwapo. Yeye ni mjane wako, na yule ni mwanao, na wote wawili wananiita mzee kana kwamba mzee anajua kitu. Mbao ilipofika niliiegemeza ukutani. Nikawa naipita asubuhi, naipita jioni. Kila mara Kipngeno aliponiuliza nilisema bado haijakauka, na ilikuwa imekauka.

Halafu siku moja nikaenda naye bondeni. Sikulitazama lengo, nilimtazama uso. Akainua bunduki, akavuta pumzi, na kabla kidole hakijakaza, macho yakajifumba. Kama yako. Risasi ilikwenda kwenye majani, sijui wapi. Akaniambia ni upepo.

Mama yake aliamini ile bunduki ikimuumiza itamrudisha nyumbani. Lakini nilijua mimi, na wewe ulijua, kwamba haitamrudisha. Itamfanya ajeruhi nyati kisha amfuate kichakani, kwa sababu ni mwana wako na hatamwacha mnyama na jeraha.

Basi nilibeba vitako viwili, kile cha zamani nilichokuwa nimekihifadhi na hiki chako nilichokifungua kwenye bunduki, nikaenda nyumbani kwenu mchana watu wakiwa kazini. Nikamwomba Mama Kipngeno aweke cha zamani begani, nikagonga kwa mbele kwa nyundo ya mbao, si kwa nguvu. Aliyumba, akashika bega. Kisha nikampa chako, nikagonga vilevile. Akabaki amekishika. Akapapasa ile ngozi na kuitambua mishono yake.

"Hii si ya unyevu," akasema.

Nikamwambia. Samahani, rafiki yangu, kama ni siri nimeitoa, lakini wewe hukuwa na kazi nayo tena. Nilimweleza habari ya fahali, habari ya mlango ulioufunga, na neno lako la kwanza. Nikamwambia nimeyaona macho ya mwanawe yakifanya vilevile, na kwamba bunduki ngumu haimfukuzi mtu kama huyo, inamharibu tu. Yeye alikuwa ameketi, kitako kiko mapajani kama mtoto. Hakulia. Alihesabu mishono kwa kidole mpaka mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati.

"Alinificha," akasema.

Nikasema uliwaficha watu wote.

"Mimi nilikuwa najiona ndiye mwoga wa nyumba hii," akasema. Akanirudishia kitako. "Mchongee. Lakini umwambie habari ya baba yake na macho. Mimi sitaweza."

Nikamwambia Kipngeno, nikiwa nampima mkono na bega. Mwanzoni alicheka, alidhani ni mzaha wa kizee. Nilipoendelea, aliacha kucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama nina hakika kwamba ulikuwa ni wewe. Nikasema nina hakika. Akakaa juu ya mbao, akainamisha kichwa, na mabega yake yote mawili yakashuka. Tangu uondoke sikuwahi kuyaona yakishuka. Baadaye akasema, "Basi si upepo, mzee." Nikasema hapana, si upepo.

Nilimchongea kitako kifupi. Nilikinyoosha, nikakifanya kipana kama chako, na mpira nikauongeza kidogo kwa sababu yeye ni mwepesi. Mama yake ndiye aliyeshona ngozi, na safari hii alijua anachoshona. Nikamfundisha mwanao kubadilisha mpira mwenyewe, maana baridi ya huku huugeuza kuwa jiwe.

Nyati walishuka tena baada ya mvua ya mawe, asubuhi. Nilikuwa nimepita kwenu kutengeneza bawaba ya mlango. Mkeo alikuwa anapepeta wimbi uani. Tukasikia bunduki, kule juu. Ungo ukasimama mikononi mwake. Hakunitazama, nami sikugonga msumari. Tulingoja. Ndege wakarudi kuimba, tukaendelea kungoja. Haikulia tena.

Kipngeno alishuka jua likiwa limepanda, miguu imelowa umande, amechoka kama mzee. Alisema fahali ameanguka palepale, na wale wengine wamerudi msituni. Mama yake alimpa maji. Hakumsifu wala hakumgombeza, alimwambia akae ale. Nami nikamalizia bawaba nikaondoka, maana nilijua nikibaki nitasema maneno ya bure.

Sijui kama tumefanya vema, Arap Tonui. Mkeo bado angependa Sigor, na Kipngeno ameniambia mwenyewe kwamba ng'ombe wakipatikana atairudisha bunduki ofisini na kumpeleka mama yake nyumbani. Namwamini. Lakini ng'ombe hawapatikani kwa maneno, na nyati wako karibu.

Mimi nami naondoka. Nimeomba kuacha kazi mavuno haya yakiisha, nirudi ziwani kwa watoto wangu, kwenye jua, labda magoti yatanisamehe. Njia ya kwetu haipiti Sigor, lakini nitazunguka. Nakuahidi. Kipngeno ameniambia nitakavyolijua kaburi, na nitakuja kwa miguu, polepole, niseme salamu nilizoshindwa kuzisema siku ile. Sitakuletea kitu. Nitakaa nawe kidogo mpaka nipate nguvu ya kuendelea.

Lala salama, ndugu yangu.

Yohana Okumu, seremala