Vichwa Nilivyovianza

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto wote. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimekwisha. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii. Utaona mwandiko si wangu. Usishtuke, sijafa. Anayeshika kalamu nitakutajia mbele.

Barua yako niliipata. Unasema Krismasi mnakuja wote, mama mnakuja naye, na wifi zako wawili wameomba kuongozana nanyi kwa sababu wamesikia kwangu kunanoga. Ukamalizia kwamba huna wasiwasi, Cherehani hashindwi. Dada, jina hilo ulinipa wewe, siku zile unanifundisha kusuka kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, vidole vyangu vikaanza kukimbia kuliko vyako. Nimelibeba kwa fahari. Safari hii nilipolisoma nilitaka kulia.

Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi mwanzoni mwa mwezi. Kwanza kidole gumba, kisha vingine vikafuata. Nikishika kikombe kinaniponyoka. Mume wangu alipouliza mbona vyombo vinaisha, nilisingizia sabuni. Nilijua nikisema ukweli nitaambiwa nipumzike, na msusi gani anapumzika Desemba? Halafu nilikuwa nimeshasema ndiyo kila mahali. Kwako ndiyo, kanisani kupamba ndiyo, kwa kila mteja aliyepiga simu ndiyo, njoo tu.

Sasa nikueleze ujanja wetu wa saluni, ambao wewe hukunifundisha. Msimu ukipamba moto, mteja akikuta foleni anaenda kwa jirani. Kwa hiyo akiingia tu unamkalisha, unamsuka mistari miwili mitatu ya mbele, unamwambia asubiri kidogo umalizie mwingine. Hapo humpotezi tena, maana nani atakatiza barabarani na kichwa robo? Tunaita kumwanzia.

Jumamosi iliyopita niliwaanzia wanne. Alikuwepo muuguzi aliyetakiwa kazini jioni, mwalimu wa kwaya, muuza mkaa mwenye mdomo wake, na mama mkwe, ambaye kama ujuavyo tunaishi naye na hajawahi kunisifu tangu nilipoolewa. Muuguzi alikuwa anatazama saa. Muuza mkaa akasema angejua angebeba godoro. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikarudi kwa mama mkwe, nikagawa nywele, nisihisi kitu. Ilibidi nitazame ili nijue kama zimo mkononi. Nikasuka, mstari ukafumuka. Nikarudia, ukafumuka tena. Mama mkwe alikuwa ananiangalia kupitia kioo, na macho yake ndiyo yaliyonimaliza.

Nikaaga kwamba naenda kuchota maji. Nikatoka mlango wa nyuma, na sikusimama. Dada, niliwaacha watu wazima na akili zao wamekaa na vichwa nusu, nikaondoka na chanuo mkononi. Simu ikaita weee, nikaizima. Nikaja kukaa kwenye benchi nje ya duka la mabati, watu wananipita na mizigo ya sikukuu. Niliona nikirudi nimekwisha, na nisiporudi nimekwisha. Muuza mkaa angeitangaza habari hiyo mtaa mzima. Mama mkwe angemwambia mwanawe kwamba ameoa mtu asiyemaliza jambo. Na kama mkono huu umekufa kweli, mimi ni nani? Sijui kazi nyingine. Nililia mchana kweupe mpaka mlinzi wa duka akaona haya, akahamisha kiti chake.

Kilichonirudisha ni yule muuguzi, kwa kuwa wagonjwa hawawezi kungoja. Nilipofika nilijibanza mlangoni kwanza nisikie natukanwaje. Nikasikia mama mkwe anamgombeza muuza mkaa atulize shingo. Nikachungulia. Alikuwa anamsuka, na mwalimu wa kwaya anamsuka muuguzi. Mistari ilikuwa imepinda vibaya, siwezi kukudanganya. Hakuna aliyeniuliza nilikokuwa. Muuguzi aliushika mkono wangu, akanibonyeza kiganja, akataka kujua umeanza lini. Nikamjibu kwamba ni juzi tu. Mama mkwe, bila kugeuka, akasema ni uongo, ni tangu mwezi uanze, yeye anavihesabu vikombe.

Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Nisisuke, nisifue, nisishike hata kalamu, la sivyo ganzi itahamia moja kwa moja. Anayekuandikia ni mama mkwe mwenyewe. Pale niliposema hajawahi kunisifu aliweka kalamu chini. Nikamwomba aandike hivyo hivyo, akaandika.

Sasa neno lililonileta. Dada, hata wewe nilikuanzia. Niliposema njooni wote, nilijua siwezi. Niliogopa mtaenda kusherehekea kwa mwingine, na mimi nibaki si Cherehani wa mtu yeyote. Siwezi kuwapokea. Wifi zako waombe radhi kwa niaba yangu. Sijui kama mkono utarudi. Naogopa sana, na nimechoka kuogopa peke yangu.

Ila wewe njoo, na mama. Kinyozi hajinyoi, na kichwa changu hakijaguswa tangu msimu uanze, nakificha kwa kitambaa. Mama mkwe amejitolea, lakini habari za mistari yake umeshazisikia. Njoo unikalishe kwenye ngazi kama zamani. Ila ukinianzia, unimalize.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama mwambie polepole, usimshtue.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani

Mimi niliyeandika naongeza langu, naye hajui. Usikawie. Leo asubuhi amevunja kikombe kingine, na mume wake alipouliza, nikasema ni mimi.