Chupa ya Aron Isiyo na Lebo

Jentrix, uko? Nakuandikia kwa jicho moja.

Aron ameniletea dawa ya macho. Chupa ndogo, lebo imebanduliwa. Imebanduliwa, Jentrix!

Unakumbuka daktari wa macho pale Kericho alivyoniambia: hii ni herpes, virusi vilevile vya vidonda vya mdomo, vimeingia kwenye kioo cha jicho. Nipake mafuta aliyonipa, basi. Akanionya nisithubutu kuweka matone yenye steroidi, maana wekundu utaisha huku virusi vikiendelea kula jicho.

Na Aron anasema nini? "Weka hii leo. Jumamosi jicho litakuwa jeupe kabisa."

Jumamosi ni koito. Watu wa kwao wanakuja hapa Boito kuniposa.

Nikamuuliza lebo iko wapi. "Chepngetich, si uniamini tu? Shangazi zangu wakiona hilo jicho wataanza kuuliza umetoa wapi ugonjwa."

Wataanza kuuliza. Ama ni yeye anauliza? Nilishamweleza kwamba watu wengi hupata hivi virusi wakiwa watoto. Aliitikia haraka mno.

Nataka sana kuamini ananipenda. Lakini mtu anayekupenda anabandua lebo ya nini?

Sijaiweka. Nimemwandikia: "Kesho twende wote kwa daktari na hii chupa. Akisema ni salama, utaniwekea wewe mwenyewe."

Ameisoma, akajibu: "Kwani lazima daktari ajue?"

Jentrix, nitaenda peke yangu. Koito ingoje.