Hedi ya Salvacion na Kikombe Kitupu

Baryo Tabunak,
Miagao, Iloilo.
19 Mei 1997.

Mpendwa mdogo wangu Melchor,

Kabla sijakuuliza hata kama unapumua, ujue kwamba nimeivua hedi ya gari letu Salvacion, lile pande la chuma linalofunika silinda za injini. Nimeivua peke yangu, mchana mmoja, bila kuumia kidole, bila kumwomba mtu msaada wala ushauri. Umri wangu unaujua. Unaweza kusimama ukapiga makofi, kisha ukae tuendelee.

Hujambo lakini? Shemeji Luzviminda hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua, au ulikuwa ni uvivu tu umepewa jina la daktari? Sisi huku wazima, ukiacha magoti yangu ambayo yamegoma, na sikio la kushoto ambalo siku hizi linachagua la kusikia. Petang mke wangu mzima kupita kiasi. Mvua za kwanza zimeanza na vyura wanapiga kelele kama wanakwaya wa kanisani, ila hawa wanafuatana.

Niliacha kalamu hapo juu nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi nikamkuta Petang ameishika barua hii. Amesoma mwanzo wake, na ameniambia nirekebishe mwenyewe la sivyo ataongeza yeye kwa wino mwekundu. Basi, haikuwa mchana mmoja, ilikuwa siku nne. Sikuwa peke yangu, nilikuwa na Arsenio. Kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Na kuhusu ushauri, hilo ndilo hasa ninalotaka kukueleza, kwa sababu nusu ya Salvacion ni yako na una haki ya kujua jinsi alivyonusurika.

Mwanangu Arsenio, uliyemwacha akiwa na tetekuwanga, sasa ndiye anayemwendesha kila siku kwenda mjini na abiria. Tangu Februari Salvacion alikuwa akichemsha. Kila kilima anasimama, anapumua mvuke, abiria wanashuka wanamtukana dereva, dereva anakuja nyumbani ananitukana mimi kwa heshima. Maji yanapungua na huoni yanakovujia. Mwezi uliopita nikachomoa kijiti cha oili, nikakuta oili imekuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa. Nikajua maji yanaingia ndani.

Arsenio akaniambia amechoka. Amempata mtu wa vyuma chakavu, angekuja na lori Jumatano tarehe kumi na nne kumchukua Salvacion mzima mzima. Sikulala vizuri kwa habari hiyo. Fikiria, Melchor, jina la Nanay, mama yetu, lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo, liende kutupwa juu ya lundo la mabati na fremu za baiskeli. Nanay alivyokuwa akipenda usafi.

Kukuandikia ili utoe maoni haikuwezekana, barua zako zinafika kwa mwendo wa konokono mjamzito. Nikamwambia Arsenio tukubaliane. Hedi itoke kabla ya Jumatano tuone ndani. Ikiwa ni gasketi tu iliyoungua, ule utando wa kati ya hedi na bloku, Salvacion anabaki na tunamtengeneza. Ikiwa bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka, au hedi ikatushinda kutoka, mimi mwenyewe nitafungua geti lori lipite. Tukapeana mikono. Petang akasema amekuwa shahidi, na kwamba Alhamisi ni sikukuu ya San Isidro kwa hiyo tusimwagie oili mahali atakapopanga meza.

Tukaanza Jumamosi. Tukamwaga maji ya rejeta, tukatoa betri, tukaondoa mipira ya maji, eksozi na mabomba ya dizeli. Midomo ya mabomba nikaiziba kwa vitambaa. Tukavua kifuniko cha juu, kisha roka za kubonyeza valvu, kisha vile vijiti vinane vya kuzisukuma, nikavichomeka kwa mpangilio kwenye kipande cha mgomba ili kila kimoja kirudi tundu lake.

Zikabaki boliti za hedi. Na hapa ndipo nilipotenda dhambi. Unakumbuka baba yetu, Tatay, alivyotufundisha, kwamba boliti ikitoka lazima ikae mahali panapofanana na ilipotoka? Yeye alikuwa anachora injini kwenye kadibodi. Mimi kadibodi sikuwa nayo. Nilichoona ni lile bati la Petang la kupikia puto, vile vikeki vyake vya mchele vya mvuke, lenye vikombe kumi na nane, mistari mitatu ya vikombe sita sita, limetulia dirishani kana kwamba limetengenezwa kwa kazi hiyo. Nililichukua Petang akiwa amekwenda kusaga mchele.

Nikalegeza boliti kama inavyotakiwa. Za pembeni kwanza, robo mzunguko hapa, robo mzunguko upande wa pili, unaingia katikati polepole, unarudia mara tatu ili hedi isijikunje. Nakuandikia haya kwa sababu najua umesahau, mtu aliyekwenda ng'ambo kuvuna mananasi. Jumapili mchana, baada ya misa, boliti zote kumi na saba zilikuwa kwenye vikombe vyake. Nikamwambia Arsenio, injini ya Salvacion ina boliti kumi na saba, nimeijua tangu kabla hujazaliwa.

Hedi haikutoka.

Tukaigonga kwa nyundo ya mbao pande zote. Haikutoka. Tukamwaga mafuta ya taa kwenye kiungo, tukaiacha mpaka Jumatatu asubuhi. Haikutoka. Tukasimamisha magogo matatu ya mnazi, tukafunga winchi ya mnyororo, tukaishika hedi pande mbili, Arsenio akaanza kuvuta. Mnyororo ukalia. Pua ya Salvacion ikapanda. Ikapanda tena. Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, naye akabaki ananing'inia kama mbuzi aliyeshikwa masikio.

Arsenio akaniangalia akasema, “Tay, tulitaka kuitoa hedi kwenye gari. Hapa tunaitoa dunia kwenye gari.”

Nikamwambia ashushe. Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Nilijua tukivuta tena namna ile hedi itapasuka, na ikipasuka mimi ndiye nitakuwa nimemuua Salvacion kwa mikono yangu, kabla hata lori halijafika. Siku yote ile nilizunguka injini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Arsenio hakunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye bampa anavuta sigara, anaangalia lile jina la bibi yake.

Jumanne asubuhi Petang akakumbuka bati lake. Keshokutwa sikukuu, unga wa mchele umeshalowekwa, bati halionekani. Akalikuta chini ya gari, limejaa vyuma na oili. Melchor, niliyoambiwa hapo siwezi kuyaandika, posta wanaweza kukataa kubeba bahasha. Alitaja ukoo wetu wote, wewe ukiwemo. Lakini alipoinama kulichukua akasita, akalitazama kama anavyotazama chenji ya sokoni.

“Teryo,” akasema, “kikombe hiki cha pembeni mbona kitupu?”

“Kwa sababu boliti ni kumi na saba.”

“Mstari huu sita. Mstari huu sita. Huu tano.”

“Injini haikutengenezwa kwa kufuata puto zako, Petang.”

“Sijasema hivyo. Ninauliza, huyo Mjapani aliyeitengeneza, alipofika kwenye kona hii alichoka akaenda kula?”

Arsenio akashuka kwenye bampa. Akachukua tochi, akaingia kichwa na mabega chini ya boneti, upande wa nyuma kabisa, kwenye kona iliyobanana na ukuta wa dereva. Mstari wa tatu, kikombe cha sita. Nikamsikia anakwaruza na bisibisi. Akakwaruza muda mrefu. Kisha nikamsikia anacheka mle ndani peke yake.

Unajua ilikuwa nini? Ilikuwa damu ya jogoo.

Usijifanye hukumbuki, maana wewe ndiye uliyekuwa ukishika miguu. Siku ile tulipofunga injini hii, mwaka wa sabini na tisa, padre akanyunyiza maji yake ya baraka, akaondoka, na sisi tukamchinja jogoo mweupe juu ya injini ili isije ikatafuta damu ya mtu barabarani. Kila Januari nimefanya vivyo hivyo, miaka kumi na minane, majogoo kumi na nane. Na nani anayethubutu kuifuta? Ile ndiyo bahati ya gari. Basi yote ilitiririka kwenye kona ile iliyo chini kuliko nyingine, ikakutana na oili, vumbi la barabara na nta ya mishumaa anayoiwasha Petang siku hiyo, ikaganda gumu kama lami, na chini yake imekaa boliti ya kumi na nane, imelala raha mustarehe. Ile injini ya zamani, ya kabla ya hii, ndiyo iliyokuwa na kumi na saba. Nimekuwa nikiwafundisha watu uongo tangu siku ile.

Kuitoa ilikuwa kazi nyingine. Zile nyingine unazifikia kwa spana ya kawaida, lakini hii imezama ndani ya shimo, na nafasi ya spana haipo. Inataka soketi ndefu, ile spana ya mfano wa kikombe. Arsenio akatafuta kwenye sanduku la vifaa, akaniuliza iko wapi soketi ndefu ya milimita kumi na saba. Nikamwambia nitamjibu baadaye. Mwisho akachukua kipande cha bomba la maji, akalipasha moto, akaligongelea kwenye kichwa cha boliti mpaka likashika umbo lake. Akalegeza. Ikalia mlio mmoja mfupi kama bata. Nikaitia kwenye kikombe kitupu, kwa mkono wangu, Petang akiangalia. Safari hii tuliivuta hedi kwa mikono mitupu, ikapanda kama kifuniko cha sufuria.

Gasketi ilikuwa imeungua katikati ya silinda ya pili na ya tatu, imebaki nyeusi na nyembamba kama karatasi ya sigara. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini bado bloku. Tukaisafisha, Arsenio akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hujitokeza yakachora mstari kwenye chaki. Tukasimama watatu tunaitazama ile nyeupe. Petang alikuwa ameshika bati lake kifuani. Tukangoja. Chaki ikabaki nyeupe.

Arsenio akapiga magoti, akaitazama kwa karibu, akaweka tochi chini. Akasema, “Tay, yule mtu wa chuma anakuja kesho. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?” Nikamwambia, “Atamwambia mama yako, ndiye fundi.”

Yule bwana alikuja na lori lake tupu. Alikaribishwa, akala, akaondoka na ile gasketi iliyoungua, nimempa ili asirudi mikono mitupu, pamoja na sahani ya puto. Petang alichemsha bati lake mara tatu na majivu na ndimu. Bado puto za mwaka huu zilikuwa na harufu ya mbali ya dizeli. Padre alikula sita akasifu kwamba zina ladha ya pekee. Nikamwambia ni mkono wa mke wangu, na kwa mara ya kwanza mbele yake nilisema kweli tupu.

Ijumaa hedi ilipelekwa mjini kusawazishwa kwenye mashine, tukaweka gasketi mpya, na jana Jumapili Salvacion aliwaka kwa mkupuo wa pili. Amepanda kilima cha makaburini bila kupumua mvuke. Arsenio alipiga honi juu kule mpaka watu wakatoka nje, wakidhani kuna harusi. Jogoo tulimchinja pia, usiwe na wasiwasi, ila sasa damu inamwagwa kwenye bampa, kwa amri ya mwenye bati. Nyama tuliipika tinola, ule mchuzi wa tangawizi, na papai bichi.

Msalimie sana Luzviminda, na mwambie manukato aliyoyatuma, Petang anayaweka kabatini na kuyatazama. Wasalimie wanao wote, hasa yule wa mwisho mwenye masikio yangu, Mungu amsaidie. Arsenio anakusalimu na anabusu mkono wako. Nanay, popote alipo, nadhani amefurahi kwamba jina lake bado linapita barabarani. Mungu akulinde na ngazi, na homa, na mananasi.

Sasa, kuhusu ile soketi ndefu ya kumi na saba. Nilimwahidi Arsenio jibu na jibu liko kwako. Mwaka wa themanini na nne ulipokuwa ukifunga sanduku la safari uliniomba nikuazime mpaka utakapofika Manila, ukazie kufuli lako lililolegea. Nadhani Manila umeshafika. Boliti ya kumi na nane tumeikaza kwa lile bomba, kwa kukisia, na baada ya wiki nne za kazi boliti zote lazima zikazwe upya, na hiyo ya kona haikubali kukisiwa mara mbili. Wiki ya kwanza imeanza leo. Kwa hiyo, mdogo wangu, usitume chokoleti, usitume sabuni, wala fulana zenye picha za minazi, minazi tunayo. Ifunge soketi yangu kwenye soksi moja, ya pili ubaki nayo ukitaka, uitie posta kesho asubuhi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukiwa na vyombo vyangu,

Manong Teryo